Land Rover ya urithi, injini ya Discovery: bima yake inaanzia wapi?

*Shikamoo mama. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1976, iliyobeba kahawa Kibosho tangu sijazaliwa. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka. Fundi wa Unga Limited, Arusha, ameitoa, akaweka 200Tdi ya dizeli iliyotoka kwenye Discovery. Nimeongeza keria, winchi na taa nne za mbele, na rangi imekuwa krimu badala ya kijani. Siku za kazi natumia Toyota IST, Land Rover ni ya Jumapili na ya shamba. Kampuni ya kwanza ya bima ilinikataa niliposema tu mwaka wa gari. Ya pili inataka asilimia 3.5 ya milioni 30, ukiweka na VAT ni 1,239,000. Wakala mmoja ananishauri niandike milioni 10 na nisitaje injini, nilipe 413,000. Mimi ni mwalimu, tofauti hiyo naiona. Nifanyeje?*
*Mwenye 109, Moshi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Ushauri wa huyo wakala usiufuate. Siyo kwa ajili ya sheria tu. Hesabu yenyewe inakuumiza. Gari la milioni 30 ukilikatia bima ya milioni 10, likiibiwa mtaa wa Pasua usiku wa leo, kikomo chako ni milioni 10. Likipata ajali ya matengenezo ya milioni 6, na mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni itasema umelipia theluthi ya gari, basi nayo inalipa theluthi ya hasara. Hapo ni milioni 2, na bado hujakatwa eksesi, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea. Milioni 4 na zaidi utazitoa mfukoni ili kuokoa laki nane.

Hiyo ni thamani. La injini ni zito zaidi. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu: wewe ndiye unayelijua gari, kampuni inakadiria hatari kwa maneno yako. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha bei au uamuzi wa kukupokea, kampuni inaweza kuukana mkataba siku ya madai. Na injini yako haifichiki, asesa, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni, atafungua boneti tu.

Nilipokuwa kwenye ofisi ya dalali wa bima hapa Arusha, aliwahi kuja mzee wa Usa River ambaye Land Cruiser FJ40 yake iliungua upande wa dashibodi. Gari zuri, limetunzwa. Fundi umeme alikuwa amechukua umeme wa taa za ziada na friji moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Kwenye fomu, pale panapouliza kama gari limefanyiwa mabadiliko, palikuwa patupu. Hakuwa mwongo yule mzee, aliyemjazia fomu hakumuuliza. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi, na mwisho alilipwa pungufu sana. Ndiyo maana nakusihi: fomu ijaze kwa mkono wako, na pale pa mabadiliko pasipotosha, ambatanisha karatasi.

Kabla ya fomu, kuna kadi ya gari. Kadi yako, nina hakika, bado inasema petroli, cc 2286, kijani, na namba ya injini ambayo sasa iko kwenye chuma chakavu. Gari lililoko barabarani ni la dizeli, cc 2495, krimu. Hayo ni magari mawili kwenye macho ya kampuni ya bima. Nenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi alikague, kisha taarifa zibadilishwe TRA. Aliyekuuzia injini akupe hati ya mauziano pamoja na nakala ya kadi ya ile Discovery. Injini isiyo na karatasi inakutia mashakani mwenyewe, maana hakuna anayejua ilikotoka. Hili ndilo jambo la kwanza, na lisipofanyika mengine yote niliyoandika hapa hayakusaidii.

Sasa niulize ambalo hukuniandikia: breki. Series III 109 ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, na injini yako ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi kama 70 hivi. 200Tdi ya Discovery ina 111. Gari ni lile lile, uzito ni ule ule, tena umeongeza keria na winchi, lakini sasa linashuka kutoka Kibosho au linapita Boma Ng'ombe kwa mwendo ambao mzee wako hakuwahi kuufikia. Kama fundi ameweka diski mbele na silinda kuu yenye hydrovac, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya breki, liandike kwenye karatasi yako kwa herufi kubwa, maana ni hoja ya kukupunguzia ada. Kama hakuweka, fedha unayotafuta kuiokoa kwenye bima ipeleke huko kwanza. Nasema hivi kama mzazi, siyo kama mtu wa bima.

Kwa nini ile kampuni ya kwanza ilikukataa? Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa gari kwa bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, na anayejibu simu hana mamlaka ya kuuvuka. Hofu yao ni vipuri na kukosa bei ya kulinganisha. Kwa Corolla ya mwaka juzi mthamini anajua bei ya soko, kwa 109 hajui aulize wapi. Hofu hiyo kwa hapa Kaskazini ina jibu. Land Rover ndiyo gari la mkoa huu. Waliokuwepo kwenye tamasha lake hapa Arusha, Oktoba 2024, waliona foleni yake. Mafundi wapo, vipuri vipo, na bodi ya alumini hailiwi na kutu kama ya bati. Kinachooza ni chesisi. Kwa hiyo piga picha chesisi yote chini, hasa nyuma inakokaa springi, na wapelekee pamoja na makadirio ya gereji mbili ya kutengeneza ajali ya kawaida: bampa, madigadi, redieta. Mwenye kuamua bei akiona tarakimu, anaacha kukisia.

Halafu ombi muhimu kuliko yote: thamani ya makubaliano. Bima ya kawaida hulipa thamani ya soko siku ya hasara, na kwa kadi inayosema 1976 mtu anaweza kukupa bei ya kuuza kwa kilo. Thamani ya makubaliano maana yake mnakubaliana leo kwamba gari hili ni milioni kadhaa, mnaandika kwenye mkataba, na likipotea lote hiyo ndiyo inayolipwa. Ili wakubali, leta tathmini ya mthamini anayetambuliwa na kampuni yenyewe, risiti za EFD za vipuri, na kwa kazi ya fundi asiye na mashine ya risiti, makubaliano ya maandishi yenye sahihi yake na picha za kazi ilivyokwenda. Keria, winchi na taa ziorodheshe kila kimoja na bei yake. Kisichoorodheshwa kwa kawaida hakilipwi. Milioni 30 nayo ichunguze upya. Kama hiyo ni jumla ya ulichotumia na siyo thamani ya gari, mthamini anaweza kuishusha, na ada itashuka nayo kwa haki. Kwa kiwango ulichopewa, milioni 18 ni 743,400 pamoja na VAT.

Ada nafuu inapatikana kwa kuipunguzia kampuni ya bima mzigo. Uingereza wana kampuni zinazoshughulika na magari ya kale tu, na bei yao huwa ndogo kwa sababu mwenye gari anakubali masharti: kilomita chache kwa mwaka, gari lilale ndani, na awe na gari jingine la kila siku. Huku bidhaa hiyo sijaiona dirishani, lakini masharti hayo wewe unayo tayari. Waambie IST ndiyo ya kazini. Waambie madereva ni wawili kwa majina, siyo kila shemeji anayeomba funguo. Weka swichi ya kukata betri, mtungi wa kuzimia moto, na kifaa cha kufuatilia gari, kisha omba kila kimoja kitajwe kwenye mazungumzo ya bei. Omba eksesi kubwa zaidi ili ada ishuke, ila isizidi fedha unayoweza kuitoa mwezi huo huo bila kukopa. Na kama IST ina miaka kadhaa bila madai, peleka magari yote mawili kwa kampuni moja. Hapo ndipo mlango unapofunguka mara nyingi.

Ikishindikana kabisa, usiruke moja kwa moja kwenda bima ndogo. Kuna ya katikati: ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Ajali ukigonga mti utajitengenezea, lakini likiungua au likiibiwa unalipwa. Kwa Land Rover ya Jumapili, ambayo bodi yake inanyooshwa kwa bei ya mtaani lakini moto ukiishika umepoteza urithi, mimi ningeichagua hiyo hata kama bima kubwa ningeipata. Bima ndogo, ile iliyozoeleka ya laki moja na VAT, inamlipa uliyemgonga. Wewe haikulipi chochote.

Tafuta dalali wa bima, siyo wakala. Wakala anaiwakilisha kampuni, dalali anakuwakilisha wewe na anaweza kupeleka faili lako kwa kampuni nne au tano kwa wakati mmoja. Hakikisha ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ambao wana ofisi ya kanda hapa Arusha. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wao wa kuhakiki, uone aina ya bima na tarehe. Kabla ya malipo kuingia huna bima, hata kama mmeshapeana mikono. Na yule aliyekufundisha kuficha injini, usimrudie.

*Habari za kazi dada. Nina Datsun 120Y ya 1975, nimeishusha, rimu pana, rangi mpya. Iko na bima kubwa ya gari binafsi. Wikiendi naikodisha kwa maharusi hapa mjini. Kuna tatizo?*
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Nzuri kaka. Lipo, na ni kubwa. Bima ya gari binafsi inahusu matumizi yako na ya familia. Siku unapopokea fedha ili bibi harusi akae kiti cha nyuma, matumizi yamekuwa ya biashara, na ajali ikitokea kati ya kanisa na ukumbi kampuni ina sababu ya kukataa kutengeneza gari lako. Muone aliyekukatia, ubadilishe aina ya matumizi. Ada itapanda. Unaweza kuuliza kama watakubali kukodisha kukiwa na dereva wako wewe tu, maana kumkabidhi mteja funguo ni hatari ya aina nyingine. Kushusha springi na kuweka rimu pana nako kuandikwe, pamoja na barua ya fundi kwamba tairi hazigusi bodi usukani ukikatwa hadi mwisho.

*Mama, tunataka kwenda Nairobi na magari yetu ya zamani kupitia Namanga. Bima zetu za Tanzania zinatosha?*
*Kikundi cha marafiki, Sakina*

Hazitoshi peke yake. Ombeni kadi ya njano ya COMESA kwa kampuni hiyo hiyo iliyowakatia bima, kila gari na yake. Tanzania imo kwenye mpango huo. Kadi hiyo inabeba madhara mtakayomsababishia mtu mwingine Kenya, kwa kufuata sheria ya kule, na inaishi pale tu bima ya nyumbani inapokuwa hai. Gari lako mwenyewe likiumia upande wa pili hailihusu. Kwa hilo, wenye bima kubwa waombe mkataba uongezwe eneo hadi Kenya, kwa maandishi, kabla ya safari. Na kama kuna aliyebadilisha injini kati yenu, aanzie kwenye jibu nililompa mwenye 109, kwa sababu mpakani namba ya injini inaweza kulinganishwa na kadi.