Wivingi ya gluu imegoma kutoka, nifanyeje?

SWALI: Dada habari, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa. Niliweka wivingi ya kubondi na ile gluu nyeusi, imebandikwa moja kwa moja kwenye nywele bila kofia, sasa ni wiki ya tano. Jana nikajaribu kutoa mstari mmoja wa nyuma kwa kuvuta taratibu, ukatoka na nywele zangu kibao na kichwa kinauma mpaka sasa hivi. Shoga angu anasema nipake asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, mwingine anasema nikate tu yaishe. Bado mistari yote ya juu na ya mbele. Nitoeje jamani bila kubaki na kipara?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kwanza usivute tena, hata kama kuna mstari umeachia nusu unaning'inia, uache hapo hapo kwanza. Na asetoni weka mbali kabisa, inakausha nywele zinakatika, inaunguza ngozi, na wewe hapo nyuma tayari pameshachubuka, halafu inashika moto haraka na mvuke wake siyo wa kuuvuta ukiwa umeinamisha kichwa bafuni. Mafuta ya taa, petroli, thina, vyote hivyo nimesikia watu wanapaka na vyote nasema hapana.

Gluu nyeusi ya kubondi kwa kawaida ni ya mpira, ikikauka ule utomvu wake unabaki kama utando umezishika nywele, ndo maana unaosha na shampuu wee na haibanduki. Maji hayaiwezi. Kinachoiweza ni mafuta, yakiingia mpira unavimba unalegea na kupoteza nguvu ya kushika. Mafuta ya nazi, ya zeituni, hata ya kupikia uliyonayo jikoni yanafanya kazi, na ukipata dawa maalumu ya kutolea gluu ya wivingi ni sawa pia ila soma maelezo yake ujue inakaa muda gani.

Usioshe nywele kabla, zitajifunga mafundo ukajuta. Gawa nywele vizuri, nyanyua mstari mmoja, kisha paka mafuta pale pale gluu ilipokutana na nywele, juu ya mshono na chini yake, tumia pamba au chupa yenye mdomo mwembamba maana wengi wanapaka juu juu tu halafu wanalalamika mafuta hayafanyi kazi. Vaa kofia ya plastiki, funga na taulo la uvuguvugu, kaa kama nusu saa, fanya shughuli zako nyingine. Ukirudi shika ncha ya mstari ubinye na vidole, gluu ikiwa tayari unaisikia inateleza na inaanza kujiviringa vipande vidogo vidogo vyeusi. Hapo weka kidole kati ya ngozi na mstari ili shina lisivutwe, uendelee kuibandua kidogo kidogo kufuata nywele zinavyolala, siyo kuinyanyua juu. Ikikaza hata kidogo simama ongeza mafuta usubiri tena. Hata kama itakuchukua siku nzima, sawa tu! Za mbele kwenye paji la uso zifanye mwisho ukiwa hujachoka, zile nywele ni laini na ndizo zinazoondoka zisirudi zikivutwa mara kwa mara.

Vipande vitakavyobaki visugue kwa mafuta na vidole, chana na kitana chenye meno mapana kuanzia nchani, ndo uoshe kwa shampuu mara mbili na kuweka kondishena. Kuhusu kukata, ukipunguza urefu wa wivingi yenyewe ili isikusumbue haina shida, ila mkasi usisogee karibu na mizizi, gluu na nywele zako zote ni nyeusi, hutaona unachokata.

Usiogope ukiona nywele nyingi kwenye kitana. Mtu wa kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zilizotoka wiki tano zote hizi chini ya gluu zilikuwa hazina pa kwenda, lazima zitoke kwa mkupuo. Ndefu yenye kinundu cheupe nchani iliyotoka bila maumivu ilikuwa imeshamaliza muda wake. Vipande vifupi visivyo na kinundu ndo vimekatika, hivyo vikiwa vingi punguza mwendo.

Kwa wengine mnaosoma, haya yote ni ya gluu ya mpira. Kama zako zimeshikizwa kwa vinundu vigumu vya keratini (gundi ngumu inayoyeyushwa kwa moto), kifungu kidogo kimoja kimoja, mafuta peke yake hayatoshi, zinatumia dawa yenye spiriti na koleo dogo la kuvunjia kinundu, rudi kwa msusi anayeijua kazi hiyo. Na mkishapaka chochote chenye spiriti msiwashe draya, mtaungua.

Baadaye ipumzishe ngozi mdogo wangu, usipake dawa ya nywele mpaka michubuko ipone kabisa na usibondi wala kusuka za kubana. Ukiona usaha, uvimbe au sehemu imebaki nyeupe laini haioti, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, nywele zilizong'olewa mara moja huwa zinarudi ila zikivutwa miaka na miaka shina linakufa. Na kama ulikuwa unawashwa tangu siku uliyobandika, inawezekana ngozi yako haipatani na mpira, gluu ya aina hiyo usiiguse tena, na siku ukivimba uso au ukashindwa kupumua vizuri ni hospitali moja kwa moja.

Hiyo wivingi ukiitoa salama usiitupe, isugue gluu kwa mafuta, ioshe, ianike, mara nyingine waambie wakushonee kwa uzi juu ya nywele zilizosukwa.