Kabla ya kikao cha barabara, chora ramani yako

Mkiitwa kutoa maoni kuhusu upanuzi wa barabara, msiende mikono mitupu. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo hapa Nakuru kuhusu barabara kuu ya A8, kipande kile cha Lanet, Pipeline, Free Area na Section 58, na nimeona wanaosikilizwa ni wenye kitu cha kuweka mezani. Mwenye malalamiko tu hushukuriwa, akapewa soda.

Kitu hicho ni ramani yenu wenyewe, hata ikiwa ya kalamu. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mafundi wa mjengo wakielekea kazini, mwone watu wanavuka wapi. Mtapajua hata kabla ya kuhesabu: ni pale nyasi zilipokwisha kwa kukanyagwa hadi ukingo wa lami. Kisha rudini jioni. Anayepanda matatu upande wa nyumbani asubuhi hushukia ng'ambo ya pili akirudi, kwa hiyo hata asiyejihesabu kuwa mtembea kwa miguu huvuka barabara kuu kila siku, na mara nyingi huvuka gizani. Andikeni watoto, wazee, mikokoteni na baiskeli, kila kundi peke yake.

Mkishaonyesha vivuko vyenu, mtaahidiwa daraja la juu. Mimi silishabikii. Tangu upanuzi wa Thika Road kule Nairobi ukamilike mwaka wa 2012, watu wameendelea kukatiza chini hata palipo na daraja, na si kwa ukaidi tu. Mama mwenye gunia la viazi hapandi ngazi zile kisha ashuke ng'ambo, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kabisa. Panapowezekana, ombeni kivuko cha juu ya lami yenyewe chenye tuta, taa, na kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja, apumue, kisha avuke wa pili. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa mjini, lakini bango halijawahi kusimamisha lori linaloshuka kwa kasi, tuta hulipunguza. Na tofauti si ndogo: gari la kilomita 60 kwa saa lina nguvu ya kugonga mara nne ya lile la kilomita 30. Wakishikilia kwamba lazima liwe daraja, basi liwe na mteremko badala ya ngazi tupu, na lisimame pale mlipoona kijia, si mita mia tatu mbele eti ndipo penye nafasi.

Upande wa baiskeli, angalieni mchoro wa stejini kwanza. Hapo ndipo njia nyingi huharibika: matatu inaingia kushoto, mwendesha baiskeli mwenye kreti za mikate anasukumwa katikati ya malori. Njia ya baiskeli ipite nyuma ya steji, abiria wasubiri kati yake na barabara. Kwenye milango ya vituo vya petroli na barabara za mitaa, njia ya miguu iendelee juu, gari ndilo lipande na kushuka.

Upana wa njia ya miguu nao msidanganywe. Mita 2 ziwe za kupita watu, si mita 2 zenye mlingoti wa stima katikati na mtaro usiofunikwa. Wekeni nguzo fupi zinazopitisha kiti cha magurudumu na kuzuia gari, la sivyo mtakuwa mmejengewa maegesho. Kuhusu vibanda, siungani na wanaotaka mama mboga afukuzwe. Wateja wake ndio hao wanaotembea, na taa yake ndiyo mwanga pekee sehemu nyingi. Atengewe nafasi nyuma ya njia, ichorwe tangu mwanzo.

Mjue pia mnamwandikia nani. Barabara kuu kama A8 iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Za mitaani ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au kaunti. Barua ikienda kusiko, itazunguka hadi mkandarasi amwage lami. Michoro mna haki ya kuiomba kwa maandishi: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ombeni mapema, na mkiipata, ulizeni nani atalipia taa na kuzibua mitaro mkandarasi akishaondoka. Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.