Ukibandika mpya, bandua ya zamani

Kwa miaka sita sasa nasimamia taratibu za kazi katika vituo vinne vya afya vya mmiliki mmoja: kimoja Moshi mjini, vingine Himo, Bomang'ombe na Usa River. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kukosea, na kosa moja bado linaniuma.

Usiku mmoja muuguzi wa zamu Himo alijichoma sindano akitoka kumtoa mgonjwa damu. Akanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua kidonda, kama alivyofundishwa. Kisha akaenda kusoma ukutani afanye nini zaidi. Karatasi ikamwambia ampigie mtu aliyekwisha kuacha kazi mwaka uliotangulia. Simu haikupatikana, naye akaona asubiri kupambazuke. Dawa za kujikinga na VVU baada ya ajali kama ile huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache. Zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Yeye alizianza saa nne asubuhi. Majibu yake yalitoka salama, lakini zile wiki za kusubiri alizibeba peke yake, na uzembe ulikuwa wangu.

Maana mwongozo mpya ulikuwepo. Niliuandika mwenyewe, ukasainiwa, nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la waganga wafawidhi, yaani wasimamizi wa vituo, wote wakajibu "umepokelewa". Ukutani ikabaki ile ya zamani, imepigwa laminesheni na kubandikwa vizuri kabisa.

Tangu siku ile sihesabu kwamba mwongozo umebadilika mpaka nakala za zamani zifike mezani kwangu. Picha ya simu siikubali, nataka karatasi yenyewe. Kila nakala ina namba na toleo lake chini ya ukurasa, na nina daftari linaloonyesha iko ukuta upi: chumba cha sindano, maabara, wodi ya wazazi. Nikipeleka tatu mpya Bomang'ombe, zirudi tatu. Zikirudi mbili, napanda gari kwenda kuitafuta ya tatu. Mara nyingi naikuta kwenye droo ya mtu aliyeizoea.

Jambo jingine lilinichukua muda kulielewa. Nilidhani vituo vikiwa chini ya mwavuli mmoja, basi vyote vifuate maneno yale yale. Nikaandika: changanya sehemu moja ya klorini na sehemu sita za maji. Ni sahihi kwa klorini ya majimaji ya asilimia 3.5, unapata mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa kutakasia. Lakini Usa River walikuwa wananunua ya unga, yenye nguvu ya karibu asilimia 70, ambayo hutakiwa gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji. Kwa hesabu yangu wangebabuka mikono. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa usafi, aliyeinua ule unga akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sehemu moja ni kwa kopo gani?"

Siku hizi mwongozo mkuu unataja kiwango tu, asilimia 0.5, na huo haubadilishwi na kituo chochote. Nyuma yake kuna ukurasa wa kituo: dawa tunayonunua hapa, kopo letu, gari la wagonjwa linapatikanaje, rufaa inaelekea wapi. Mgonjwa wa Himo anaweza kupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi. Wa Usa River yuko karibu zaidi na hospitali ya Mount Meru, Arusha. Ukurasa huo anausaini mganga mfawidhi na kuupitia kila miezi mitatu. Majina ya watu tumeyafuta. Tunaandika cheo, na namba ya simu ya kituo inayokaa na aliye zamu.

Kuweka miongozo kwenye kompyuta kunasaidia kutunza kumbukumbu. Umeme ukikatika usiku, karatasi ndiyo inayosomeka kwa tochi.

Ukitaka kujua kama taratibu zako zinafanya kazi, usiende mchana ukamuuliza mfawidhi. Nenda saa tatu usiku, mwambie aliye zamu, "Umejichoma sasa hivi, nionyeshe utakavyofanya," kisha umtazame anaelekea ukuta upi. Mwezi uliopita Himo ilichukua dakika nne mpaka simu ikapokelewa. Ni nyingi. Tumeihamisha ile karatasi kutoka mlangoni, sasa iko juu ya sinki, kwa sababu aliyejichoma huanza kwa kunawa.