Je, klabu ya wanawake iliwahi kujaza uwanja miaka mia moja iliyopita?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Binti yangu ana umri wa miaka 14 na anachezea timu ya wasichana ya mtaani kwetu, Mbagala. Wiki iliyopita waliondolewa uwanjani katikati ya mazoezi kwa sababu vijana wa kiume walikuwa na mechi ya kirafiki, na mzee mmoja aliyekaa pembeni akawaambia kwamba mpira wa wanawake ni jambo la juzi, tena halina watazamaji. Binti anasema mwalimu wao aliwasimulia habari za klabu ya wanawake ya Uingereza iliyojaza uwanja zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona haisikiki? — Mama wa mchezaji, Mbagala

JIBU: Mama, mwalimu hakukosea. Klabu hiyo iliitwa Dick, Kerr Ladies, ya mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, na jina hilo ililipata kwenye kiwanda ilikozaliwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kiwanda cha Dick, Kerr kilitengeneza vichwa vya treni na tramu; vita vilipopamba moto kikageuzwa kuwa cha silaha, wanaume wakaenda mstari wa mbele, na wanawake wakashika mitambo. Wakati wa mapumziko wanawake hao walipiga mpira uani, hadi karani mmoja wa ofisini, Alfred Frankland, aliyekuwa akiwatazama dirishani, akaona kwamba hapo pana timu. Yeye ndiye aliyekuwa meneja wao.

Mechi yao ya kwanza kubwa ilichezwa siku ya Krismasi mwaka 1917 katika uwanja wa Deepdale, ambao ni wa klabu ya wanaume ya Preston North End. Watazamaji 10,000 walilipa kiingilio, Dick, Kerr wakashinda 4-0 dhidi ya wanawake wa kiwanda kingine, na mapato yakapelekwa katika hospitali ya wanajeshi majeruhi. Kuanzia hapo waliendelea kucheza kwa ajili ya hisani, na umati ukawafuata kila walikokwenda.

Napenda kukaa kidogo kwenye Desemba ya mwaka 1920. Mwezi huo walicheza mechi ya usiku pale Deepdale, jambo ambalo lilikuwa geni kwa watu wengi wa wakati huo. Waliazima jeshini taa mbili kubwa zilizotengenezwa kumulika ndege za adui, na kwa kuwa mpira wa ngozi wa enzi hizo ulikuwa wa rangi ya udongo, mtu mmoja alisimama kando ya uwanja akiipaka mipira chokaa na kuiingiza mmoja baada ya mwingine, kila uliokuwa ukichezwa unapochafuka. Siku chache baadaye, tarehe 26 Desemba, walikwenda Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, kucheza na wanawake wa St Helens. Watu 53,000 waliingia, na maelfu wengine wakabaki nje ya mageti. Katika kikosi chao alikuwamo winga wa kushoto aitwaye Lily Parr, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu, mwaka mmoja zaidi ya binti yako, na mguu wake wa kushoto ulisifika kwa mashuti mazito.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali lako, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Mpira huo haukufa kwa kukosa watazamaji. Tarehe 5 Desemba 1921, chini ya mwaka mmoja baada ya mechi ya Goodison Park, Chama cha Soka cha Uingereza kilitamka kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikadai pia kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya hisani inaishia kwenye gharama, kisha kikazitaka klabu zote wanachama ziwanyime viwanja. Mwaka 1922 Dick, Kerr walivuka bahari. Canada wakakataliwa kucheza, lakini Marekani walicheza na timu za wanaume na baadhi ya mechi wakazishinda. Nyumbani wakabaki kwenye viwanja vidogo visivyo na majukwaa hadi klabu ilipovunjwa mwaka 1965. Katazo lenyewe liliondolewa rasmi mwaka 1971. Ukimfungia mtu uwanja kwa miaka hamsini, huwezi kumlaumu kwamba hana mashabiki.

Kwetu hali imekwenda kwa njia nyingine. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens wa Pwani wakawa mabingwa wa kwanza. JKT Queens wakafuata kwa misimu miwili, kisha Simba Queens. Mwaka 2022 Simba Queens walitwaa ubingwa wa klabu za wanawake wa ukanda wa CECAFA hapa hapa Dar es Salaam, katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ambao hauko mbali na kwenu, wakaenda Morocco na kumaliza nafasi ya nne Afrika. Walipewa uwanja mzuri na mechi zao zikaonekana kwenye televisheni, na watu wakawatazama.

Kwa hiyo, mama, nakushauri usihangaike kubishana na yule mzee, hangaikia uwanja. Mwombeni kocha wenu na wazazi wawili watatu waende ofisi ya serikali ya mtaa wakiwa na barua inayotaja siku na saa za mazoezi ya wasichana, waombe ratiba ya uwanja iandikwe, igongwe muhuri na kubandikwa ubaoni, na nakala moja akae nayo nahodha. Timu ya wavulana ikitaka kucheza mechi ya kirafiki saa hizo, ije kuwaomba wasichana.