Sedani ya Spoti Nairobi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Anayetafuta sedani ndogo ya kifahari Nairobi kwa kawaida huishia kulinganisha magari yale yale: BMW 3 Series, Mercedes-Benz C-Class, Audi A4 na Lexus IS. Kwa kuwa niliwahi kuwa na BMW 320i na sasa naendesha Lexus IS 300h, jamaa na wafanyakazi wenzangu huniuliza mara kwa mara ni lipi linalofaa zaidi. Huwaambia kwamba sedani ya spoti inastahili kununuliwa hapa, ila sababu zinazoipa ushindi Ulaya si zile zitakazoamua kama utaifurahia kati ya Lang'ata na Westlands.

Mashindano yenyewe ni ya zamani. BMW ilianza kuunda 3 Series mwaka 1975, Mercedes ikajibu kwa gari la 190 mwaka 1982, na Toyota ikaingia mwaka 1998 kwa Altezza, ambayo nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. (Naam, ni Altezza ile ile ambayo vijana wetu huibadilisha ekzosi ili mtaa mzima ujue wamefika.) Tangu wakati huo, gari la spoti limejitetea kwa jinsi linavyoshika kona: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na usukani humjulisha dereva hali ya barabara. Mercedes iliweka mbele starehe ya abiria. Alfa Romeo Giulia na Jaguar XE zilisifiwa sana kwa uendeshaji wake, lakini sifa hizo hazikuzifikisha kwenye mauzo ya Wajerumani, na utengenezaji wa XE ulikoma mwaka 2024.

Hapa kwetu hesabu huanzia bandarini Mombasa. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, kisha hupanda hadi asilimia 25 kwa injini ya petroli inayozidi hapo hadi cc 3,000. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba VAT hutozwa juu ya jumla ambayo tayari imebeba ushuru wa forodha na huo wa bidhaa. Ndiyo maana Mercedes C200 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, yenye injini ya cc 1,497, na BMW 318i ya kizazi kilichopita, yenye cc 1,499, huwa na mvuto kwa mnunuzi anayetaka nembo bila kulipia nguvu ambazo hatazitumia. Lexus IS haina injini ya kiwango hicho, na hapo hupoteza wateja kabla hata hawajaiendesha.

Kuhusu nguvu, jambo moja husahaulika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali ile yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya pengo. Kwa hiyo Lexus IS 250 ya silinda sita isiyo na turbo, ambayo kwenye karatasi inaizidi BMW 320i yenye turbo, haionyeshi ubora huo ukipanda kuelekea Limuru.

Ningependa mnunuzi atazame matairi kwa makini kuliko kitu kingine chochote. IS ya toleo la F Sport ya kabla ya marekebisho ya mwaka 2020 ilikuja na tairi za 225/40 mbele na 255/35 nyuma (upana kwa milimita, kisha kimo cha ukuta kama asilimia ya upana huo), zote za inchi 18. Maana yake ni kwamba ukuta wa tairi ya nyuma una sentimita 9 tu kati ya rimu na shimo, na huwezi kuhamisha tairi za mbele kuzipeleka nyuma ili ziishe sawasawa. Baada ya kugonga shimo lililofunikwa na maji ya mvua, fundi wa matairi alinionyesha uvimbe ubavuni mwa tairi, mkubwa kama yai. Rimu ilikuwa nzima, lakini tairi ile haikuwa ya kuzibwa, na kuipata ya saizi hiyo kulinichosha kuliko bei yake. BMW nyingi hazina spea tairi kabisa, kwa kuwa hutegemea tairi zinazoweza kutembea bila upepo, ambazo ni ngumu na hufanya kila tuta lihisiwe mgongoni. Gari lenye rimu za inchi 17 halitapendeza sana machoni, lakini ndilo ningelichagua.

Upande wa ufundi, IS 300h ina faida isiyotangazwa: injini yake ya 2AR-FSE ndiyo iliyotumika pia kwenye Toyota Crown ya haibridi, kwa hiyo fundi anayeijua moja anaijua nyingine. Kwa BMW, ukinunua gari ambalo limeshatumika hapa nchini, epuka 320i yenye injini ya N20 iliyokuwapo kabla ya 2015 isipokuwa una stakabadhi kwamba cheni ya taimingi (inayoendesha vali za injini) na vishikizi vyake vya plastiki vilibadilishwa. Injini ya B48 iliyofuata haina sifa hiyo mbaya.

Mwenye watoto watatu au anayekwenda mashambani kila mwezi kwa barabara ya vumbi achukue Toyota Harrier wala asione haya. Kiti cha nyuma cha IS kinambana mtu mzima. Wengine waende yadi za Ngong Road asubuhi, injini ikiwa bado baridi, wachungulie chini kuona mikwaruzo ya matuta, kisha waombe gari lipimwe kwa kompyuta na fundi wao wenyewe kwa gharama yao. Muuzaji akikataa, yadi nyingine iko hatua chache mbele.