Kabla ya kununua mvinyo mwekundu wa Kifaransa, jiulize utaufungua lini

Jumapili iliyopita chupa yangu ya Morgon, mvinyo mwekundu wa karibu na Lyon, iliisha kabla jibini haijafika mezani. Yuro 14 tu! Mzee mwenyeji wetu, mtu aliyekunywa mvinyo maisha yake yote, aliinua chupa tupu, akasoma lebo, akaniuliza nimeinunua duka gani. Nilirudi nyumbani na furaha nisiyoweza kuificha, maana meza ile ndiyo iliyowahi kuniumiza.

Desemba 2022, mwaka wangu wa kwanza hapa Lyon, Ufaransa, nilialikwa hapohapo chakula cha jioni. Sikutaka kuaibika. Nikanunua Pauillac ya 2019, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Bordeaux, kwa yuro 58, hela yangu ya chakula ya wiki mbili. Muuzaji alisema huo ni mwaka mzuri kwa Bordeaux, na hakudanganya. Ila hakuniuliza tutakula nini, wala chupa itafunguliwa lini.

Tulikula samaki. Kizibo kikatolewa, mvinyo ukamiminwa palepale. Ukakasi wake ulikuwa wa zambarau ambayo haijaiva: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani. Ulipokutana na samaki ukaacha ladha ya chuma mdomoni. Wote walinishukuru, wakasema ni mzuri. Lakini mimi nilikuwa naziangalia glasi, na hazikupungua. Mama mwenye nyumba akainuka kimya, akaleta chupa ya Fleurie, jirani yake Morgon. Hiyo ikaisha. Mpaka leo nikizikumbuka zile glasi, moyo unaniuma.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, zabibu nimekua nazo. Kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mtu akinunua mvinyo anauliza kama ni mtamu au mkavu. Sijawahi kumsikia anayeuliza mwaka. Ufaransa wanavuna mara moja tu, kwenye Septemba, na baridi kali ya Aprili inaweza kuunguza machipukizi, kama ilivyotokea 2017 na 2021. Ndiyo maana mwaka unaandikwa kwenye lebo. Mimi nilidhani unaonyesha ubora peke yake. Kumbe unaonyesha na umri! Pauillac yangu ilikuwa mvinyo mzuri ambao bado ni mtoto. Imetengenezwa zaidi kwa zabibu ya Cabernet Sauvignon, yenye ganda nene na tanini nyingi, na tanini ndiyo inayoleta ule ukakasi. Miaka kumi na zaidi huulainisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na siku ya kunywa, ndipo mje kwenye jina. Ni wiki hii? Tafuta Beaujolais, mvinyo wa mashamba yaliyo kaskazini mwa Lyon, karibu tu. Zabibu yake ni Gamay, tanini chache, harufu ya matunda, na mvinyo wake hunywewa ungali mchanga. Ule unaoitwa Nouveau, unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, usiuweke kabisa. Umalize ndani ya miezi michache. Maeneo kumi ya huko yana haki ya kuandika majina yao wenyewe kwenye lebo, Morgon na Fleurie yakiwemo, na hapo ndipo hela ndogo inakupa kitu kikubwa. Kama ni nyama ya kuchoma, chukua Côtes du Rhône, mvinyo wa bonde la mto Rhône. Ukitaka Bordeaux ya kunywa mapema, nenda upande wa Saint-Émilion ambako zabibu ya Merlot ndiyo nyingi, nayo ni laini zaidi. Burgundy, mkoa mwingine wa mvinyo, bei zake zinatisha, anayeanza asikimbilie huko.

Na maneno "Grand Vin de Bordeaux" kwenye lebo yasikubabaishe. Si daraja. Utayakuta hata kwenye chupa za bei ya chini kabisa.

Tuache kununua jina ili watu watuone! Mvinyo wa kuwekwa miaka kumi unataka chumba chenye giza na ubaridi wa kama nyuzi 12, chupa ikiwa imelazwa. Mimi naishi ghorofa ya nne, Julai ndani ni tanuri. Nisipokuwa na pa kuuweka, nitaununua wa nini? Ukiletewa zawadi ya Bordeaux changa na ni lazima ifunguliwe leo, imimine yote kwenye jagi, ikae muda wa saa mbili kabla ya kula, kisha uinywe na nyama nyekundu. Kutoa kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii, shingo yake ni nyembamba mno kupitisha hewa ya kutosha.

Mdogo wangu uliyeniandikia jana kwamba una yuro 20 na umealikwa Jumamosi: umesema watapika kuku wa kuoka. Nunua Morgon ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Iweke kwenye friji nusu saa kabla hujatoka, uifunge kwa gazeti njiani, na ukifika waambie ifunguliwe ikiwa bado na ubaridi.