Kumrudisha mtoto shuleni baada ya kusomea nyumbani: kwetu shida ilikuwa ubao, siyo masomo

Dada uliyeuliza kuhusu wanao wawili waliofundishwa na shangazi yao huko Bahi mwaka mzima, na Januari unawaleta shule ya serikali Nzuguni hapa Dodoma mjini, mdogo aingie darasa la pili na mkubwa la nne. Naona wengi wamekujibu kuhusu masomo: vitabu gani, mada zipi, tuisheni kwa nani. Mimi wangu walisomea nyumbani tulipokuwa kambini upande wa Manyoni, baba yao yuko kwenye ujenzi wa barabara, na shule ya karibu haikuwa ya kumtuma mtoto mdogo kwa miguu. Niliwafundisha mwenyewe kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambavyo wameviweka mtandaoni bure. Tulipohamia mjini, kwa kusoma na hesabu mkubwa wangu alikuwa mbele ya wenzake. Kilichomtesa ni ubao.

Nyumbani mtoto anaulizwa anajibu, kwisha. Akikosea unamwelekeza hapohapo, na daftari linabaki na mistari michache tu. Darasani wako zaidi ya 80, mwalimu hawezi kumsikia kila mmoja. Anaandika zoezi ubaoni, wanalinakili, anapitisha macho, anafuta, anaandika jingine. Asiyemaliza amebaki na nusu ya swali. Wangu alikuwa anarudi na daftari lenye tarehe, kichwa cha somo na maswali mawili, halafu ukimuuliza kwa mdomo anakujibu yote kumi. Mwalimu anayesahihisha haoni kilichomo kichwani, anaona ukurasa mweupe.

Kwa hiyo kama nina ushauri mmoja tu wa kukupa kwa hizi wiki zilizobaki, ni huu: tafuta kipande cha plaiwudi, kipake rangi nyeusi, kitundike ukutani au kwenye mti, na nunua boksi la chaki. Shangazi aandike aya fupi au maswali matano, watoto wakae mbali kama darasani, wanakili, kisha afute bila huruma. Mwanzoni wawe na muda wa kutosha, baadaye aupunguze. Wazoee na mambo ya daftari: tarehe juu, mstari wa pembeni kwa rula, hesabu kwenye daftari la vyumba, masahihisho chini ya kazi iliyokosewa. Yanaonekana madogo, ila ndiyo yanayomfanya mwalimu aseme huyu mgeni yuko sawa au hayuko sawa.

Halafu ubao huo utakupa faida nyingine ambayo hukuitegemea. Mtoto anayesomea nyumbani hushika kitabu karibu na uso, hujui kama macho yake yana shida. Akianza kukunja uso na kusogea mbele ili aone chaki, mpeleke akapimwe macho kabla shule hazijafunguliwa, usisubiri mwalimu akuitie uvivu.

Jingine ni njia za hesabu. Shangazi, kama ni mwalimu wa zamani, atakuwa amewafundisha kugawanya kwa njia yake. Jibu litatoka sahihi, lakini mwalimu wa sasa anataka aone hatua zilizo kwenye kitabu. Waambie watoto mapema kwamba njia zote mbili ni nzuri ila darasani wafuate ya mwalimu. Na wasije wakamwambia "shangazi alisema sivyo" mbele ya darasa zima. Mtoto aliyezoea kubishana na mwalimu wake wakiwa wanamenya viazi hajui kwamba darasani hilo linaitwa utovu wa adabu.

Sasa ofisini. Usisubiri Januari. Nenda kabla shule hazijafunga Desemba, kwa sababu zikifunguliwa ofisi ya mwalimu mkuu inajaa wazazi wa awali na darasa la kwanza na hutapata hata dakika ya kujieleza. Beba cheti cha kuzaliwa, madaftari waliyotumia nyumbani, na kitu chochote kutoka shule waliyoanzia. Muhimu kuliko vyote ni namba ya PREM. Kila mwanafunzi wa msingi husajiliwa kwenye mfumo huo wa Baraza la Mitihani, na uhamisho unapitia humo. Wanao kama waliwahi kuandikishwa darasa la kwanza, namba wanazo, na ni shule ya zamani ndiyo inayotakiwa kuanzisha uhamisho. Huenda huko wameandikwa watoro, maana kwa Sheria ya Elimu mahudhurio ya shule ya msingi ni lazima na masomo ya shangazi hayana rejesta. Usiogope neno hilo wala usianze kugombana. Nenda kwa unyenyekevu, eleza, omba wakuhamishie. Shule ikizungusha, panda kwa afisa elimu kata.

Kuna anayeweza kukuelekeza MEMKWA. Huo ni mpango mzuri, lakini ni wa waliokosa shule au waliopitiliza umri, na wako hawamo humo. Sema hivyo kwa upole na uonyeshe madaftari.

Kuhusu kurudishwa darasa, wachangiaji waliokuambia upambane mimi siko nao kabisa. Huyo wa la pili asikuumize kichwa, la kwanza na la pili kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na kama anasoma aya akaielewa basi ameshafika. Wa la nne ndiye wa kufikiria. La nne kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango anarudia. Pia mtaala ulibadilika: walioingia la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumalizia msingi la sita badala ya la saba, hivyo umepungua mwaka mmoja wa kujipanga kabla ya kumaliza. Kuanzia la tatu kuna masomo ambayo shangazi huenda hakuyagusa, kama Historia ya Tanzania na Maadili. Mwombe mwalimu mkuu ampime kwa mtihani wa muhula wa la tatu. Akifanya vizuri, aingie la nne na usajili wake wa upimaji ufuatiliwe mapema. Akiyumba, mimi ningemwacha arudi la tatu nikalala usingizi. Aibu ya kurudia huwa ni ya mzazi kwa majirani zake. Mtoto akishapata rafiki wa dawati moja anasahau.

Na rafiki huyo mtafutie kabla. Likizo ya Desemba waache wacheze na watoto wa mtaa wanaosoma shule hiyohiyo. Watajifunza kwao mambo ambayo wewe huwezi kuwafundisha: nani mwalimu wa zamu mkali, choo kipi kinafungika, siku gani unabeba fagio na siku gani dumu la maji (hapa kwetu kiangazi dumu halikwepeki), mchakamchaka, mstarini unasimama wapi, kiranja anaandika majina ya wapiga kelele akiwa amekaa upande gani. Mtoto wangu mdogo alikwenda siku ya kwanza akiwa na binti wa jirani, akaingia kama aliyekuwepo siku zote. Mkubwa alikwenda peke yake na alichukua karibu muhula mzima kuzoea.

Mmoja hapa ameuliza vipi kama watoto wanaongea Kigogo zaidi. Kwa wiki mbili tatu watachekwa kidogo, halafu wataona nusu ya darasa nao wanakijua. Ila mzoeshe kuomba ruhusa kwa Kiswahili bila kusita, "mwalimu naomba kwenda chooni", kwa sababu mtoto mwenye haya anajibana hadi anajikojolea, na hilo ndilo analokumbuka darasa zima.

Viboko nao lazima uviongelee, hasa kwa mtoto ambaye shangazi hakuwahi kumchapa. Kanuni zinasema anayetoa adhabu hiyo ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mimi nilimfuata mwalimu wa darasa wiki ya kwanza, nikamweleza mtoto ametoka wapi na kwamba akichelewa kuandika si mkaidi, ni mgeni wa ubao. Alimhamishia dawati la mbele bila mimi kuomba. Walimu wengi ukiwafikia kabla ya tatizo wanakuwa watu wako, ukiwafikia baada ya tatizo unaitwa mzazi msumbufu.

Muhula wa kwanza usiweke tuisheni. Watoto hawa wamezoea kuamka jua limetoka, sasa wataamka giza ili wawahi kuhesabiwa namba shuleni, watakaa watatu au wanne kwenye dawati, kelele kutwa nzima. Wakirudi watalala na viatu. Tumbo litauma Jumatatu asubuhi na kupona saa nne; wangu lilimuuma hivyo na nilimpeleka shule nalo. Hakikisha mchango wa uji umelipwa, maana njaa ya saa nne ndiyo inayomfanya mtoto aseme shule mbaya.

Shangazi asiachwe, lakini abadilishe kazi. Jumamosi awasomee hadithi, wamsimulie ya wiki nzima, na akiona daftari lina kurasa nusunusu, atundike tena ile plaiwudi.